Kochi la Kahawa: Samani za Mlima Kenya na Kuta Zilizozizaa

Katika nyumba nyingi za mawe kuzunguka mji wa Kutus, Kirinyaga, chini ya vitambaa vya kufuma kwa mkono, kuna kochi linalokaribia kutimiza nusu karne. Fremu yake ni ya mbao tupu. Mikono ni mipana kiasi cha kuweka kikombe cha chai, mgongo umelazwa nyuma kidogo, na mito ya sponji huondolewa ikafuliwa. Vijana wa nyumba hizo huliona kuukuu na kutamani makochi manene ya kitambaa yanayopangwa kando ya barabara. Wangelitazama mara ya pili, wangeona historia nzima ya eneo lao.

Historia hiyo inaanza na ukuta. Boma la Wakikuyu lilikuwa na nyumba za mviringo: nyumba ya mama na thingira ya mwanamume. Ndani ya duara hakuna upande ulionyooka wa kuegemeza kitu kirefu, na hakuna aliyekihitaji. Watu walikalia vigoda vilivyochongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la muringa, mti uleule uliotoa mizinga ya nyuki. Kigoda hakikuwa na kiungo hata kimoja, na mzee alikwenda nacho barazani.

Kisha ikaja Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Maboma ya zamani yakachomwa. Mwaka huohuo Mpango wa Swynnerton ulianza kuunganisha vipande vya mashamba, kutoa hati, na kuwafungulia Waafrika wengi zaidi kilimo cha kahawa, zao ambalo masetla walikuwa wamelihodhi. Familia ziliporudi kwenye ardhi yao, nyingi zilijenga nyumba ya pembe nne yenye paa la mabati. Ukuta ulionyooka ukawa umepatikana.

Fedha za kuujaza zilitoka mbali. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ikapanda duniani kote na kufikia kilele mwaka 1977. Kirinyaga, iliyofanywa wilaya inayojitegemea mwaka 1963, ilikuwa na kahawa nyingi kwenye miinuko ya juu ya Kutus. Mkulima aliyelipwa vizuri alifanya mambo mawili: alijenga kwa mawe, na akaenda kwa seremala kuagiza sofa seti.

Ukipindua kochi zuri la wakati ule utaona kazi ilivyofanyika. Mguu wa mbele unapanda moja kwa moja kushika mkono. Juu yake fundi amechonga ulimi kwa patasi, akauingiza kwenye tundu na kuukaza kwa kijiti cha mbao. Misumari ni michache. Chini ya mito kuna mikanda ya mpira, mara nyingi iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu za magari, na ikilegea hubadilishwa kwa asubuhi moja.

Ubunifu wa namna hii huko Ulaya huwekwa kwenye majumba ya makumbusho. Mwaka 1933 Kaare Klint wa Denmark alibuni kiti cha safari, akifuata kiti cha kambini cha maofisa wa Uingereza kilichopewa jina la mji wa Roorkee, India. Hakina gundi wala msumari: mikanda ya ngozi hushika mbao, na uzito wa anayeketi ndio hukaza viungo. Miaka ya 1940 na 1950 wenzake Finn Juhl na Hans Wegner walitengeneza viti vya fremu nyembamba na mito ya kuondoa. Weka kochi la Kutus kando ya viti hivyo: ni mbao ileile iliyoachwa ionekane, na akili ileile ya kutopoteza kitu.

Huko Nairobi, jumba la mikutano la KICC, lililobuniwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik pamoja na Mkenya David Mutiso na kufunguliwa 1973, linaheshimiwa na kila mpita njia. Kochi la miaka hiyohiyo linaishia jikoni kama kuni. Hilo linauma, kwa sababu mbao zake hazirudi. Makochi bora yalitokana na kamfa na muuru, ambao kitaalamu ni Vitex keniensis, miti ya msitu wa asili wa Mlima Kenya. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliukagua msitu kwa ndege na kuhesabu zaidi ya kamfa 6,700 zilizokatwa. Mwaka uliofuata msitu ukafanywa hifadhi ya taifa. Leo seremala hutumia saiprasi, au mukima, mti wa Australia ulioletwa kuwa kivuli cha kahawa.

Kwa hiyo mwenye kochi la kamfa amtafute fundi wa kulipiga msasa na kubadilisha sponji, asimtafute mnunuzi. Na Jumba la Makumbusho la Nyeri, lililomo katika jengo la iliyokuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni, lingefanya jambo jema kutenga ukuta mmoja kwa sofa seti ya mwaka 1977, vitambaa vyake vikiwa juu.