Mlinda wiketi aliyechoka: Kumpumzisha si kumwadhibu

KATIKA soko la Kenyatta jijini Nairobi, mteja anayesukwa nywele huzungukwa na wasusi wawili, watatu au hata wanne kwa wakati mmoja. Kila mmoja hushika sehemu yake ya kichwa, na kazi ambayo ingemchosha mtu mmoja kutwa nzima hukamilika kwa saa chache. Wasusi hao wanalifahamu jambo ambalo makocha wengi hulisahau: mikono ikichoka, kazi huharibika hata kama mwenye mikono ni fundi.

Katika mchezo wa kriketi yupo fundi mmoja asiyekuwa na wa kumpokea. Huyo ni mlinda wiketi, mchezaji anayevaa glavu na kuchuchumaa nyuma ya vijiti ili kudaka kila mpira unaompita mpigaji.

Kazi yenyewe

Zamu moja ya mechi ya siku moja ina ova 50, yaani mipira 300 halali. Kwa kila mpira, mlinda wiketi huchuchumaa, huinuka, husogea upande na kudaka. Baina ya mipira hukimbilia vijitini kupokea mpira unaorushwa kutoka uwanjani. Magoti, mapaja, kiuno na vidole ndivyo vinavyoumia. Kisha hutakiwa kubeba gongo na kutafuta mikimbio kama wenzake.

Mwenzake wa karibu ni mdakaji katika besiboli, mchezo ambao pia una wafuasi nchini Uganda. Katika ligi kuu ya Marekani, kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Mwaka 1968, Randy Hundley wa Chicago Cubs alidaka katika mechi 160. Siku hizi timu huwa na wadakaji wawili wanaopokezana, na hakuna anayeshangaa wa kwanza akiketi benchi siku moja au mbili kwa wiki.

Dalili za uchovu

Uchovu wa mlinda wiketi hauanzi kwa kuponyokwa na mpira. Kwanza huinuka mapema kabla mpira haujadunda, kwa kuwa mapaja yanamlemea. Pili, miguu huacha kusogea na mikono ikaachiwa kazi yote. Tatu, mipira inayompita na kuwapa wapinzani mikimbio ya bure huongezeka. Mwisho, hutolewa mapema anapopiga. Kocha asiyeona dalili tatu za mwanzo hudhani ya nne ni ugonjwa wa gongo, akamwongezea mazoezi mtu anayehitaji usingizi.

Mifano

Kenya imewahi kuonja faida ya kuwa na zaidi ya mtu mmoja anayeijua kazi hii. Mnamo Februari 29, 1996, mjini Pune, India, timu ya taifa iliishangaza West Indies katika Kombe la Dunia kwa kuwatimua wote kwa mikimbio 93, baada ya yenyewe kupata 166. Aliyelinda wiketi ni Tariq Iqbal, ambaye alimdaka Brian Lara kutokana na mpira wa Rajab Ali. Kennedy Otieno, ambaye naye ni mlinda wiketi, alikuwamo kikosini kama mpigaji.

Mfano mwingine ni wa Kumar Sangakkara, mlinda wiketi wa Sri Lanka katika Kombe la Dunia la 2003, ambapo Kenya iliilaza timu hiyo kwa mikimbio 53 katika uwanja wa Nairobi Gymkhana. Mwaka 2006 alivuliwa glavu katika mechi za siku tano, ingawa aliendelea kuzivaa katika mechi za siku moja. Wastani wake wa kupiga katika mechi za siku tano alipokuwa mlinda wiketi ulikuwa mikimbio 40. Bila glavu ulizidi 66.

Namna ya kupumzisha

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kumweka mchezaji nje ya mechi nzima, na hasa ile iliyo kati ya mechi mbili ngumu. Ya pili ni kumbakiza kikosini kama mpigaji huku mwenzake akivaa glavu. Ya tatu ni kumpunguzia udakaji mazoezini.

Njia yoyote itakayofuatwa, kocha na nahodha wamweleze mchezaji kabla ya orodha kubandikwa, na wamtajie mechi atakayorejea. Mchezaji anayejua siku ya kurudi hupumzika. Asiyejua huketi benchi akihesabu makosa ya mwenzake.

Pingamizi

Wapo wanaosema kwamba Kenya haina mechi za kuchezea. Hoja hiyo ina uzito. Tangu ilipopoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja mwaka 2014, kila mchuano wa kufuzu umekuwa wa kufa na kupona. Lakini michuano hiyo hubana mechi kadhaa katika siku chache, na hapo ndipo magoti husalimu amri. Timu isiyomwandaa naibu wakati wa mechi nyepesi hulazimika kumtumia katika mechi nzito, siku ambayo fundi wake hawezi tena kuchuchumaa.

Chombo cha kazi hunolewa kabla hakijawa butu. Mwenye kisu cha kukatia nyama choma pale soko la Kenyatta hahitaji kuelezwa hilo.