Ushirikishwaji wa wananchi katika ardhi ya migodi iliyofungwa

Ushirikishwaji wa wananchi katika ardhi ya migodi iliyofungwa ni utaratibu ambao wakazi wa kando ya mgodi hushiriki kuamua ardhi hiyo itatumikaje uchimbaji ukiisha, kwa mfano kwa malisho, mashamba, misitu au viwanda.

Nchini Tanzania uzito wa sauti ya wananchi unategemea hadhi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakiruhusu kijiji kutunga mpango wake. Ardhi hiyo ikitakiwa kwa manufaa ya umma, huweza kuhamishwa iwe ardhi ya jumla. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo hutoa mapendekezo tu, na waziri ndiye anayeamua. Fidia lazima ikubaliwe kabla ya uhamisho. Ardhi iliyohamishwa hairudi kijijini yenyewe mgodi ukifungwa, hivyo nguvu kubwa ya wanakijiji iko mwanzoni, shimo likiwa bado halijachimbwa.

Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, wilayani Nzega, ulifungwa mwaka 2014 na eneo lake likapangwa kutumiwa na Chuo cha Madini. Kwa Buzwagi, karibu na Kahama, umepangwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Yote mawili ni matumizi ya ngazi ya taifa kuliko ya kijiji.

Katika Wilaya ya Bariadi, iliko kata ya Sapiwi, suala hili ni la mbeleni: nikeli ya Dutwa imefanyiwa utafiti lakini mgodi mkubwa haujajengwa. Wakazi, wengi wao Wasukuma wanaolima pamba na kufuga, tayari wana desturi ya kupanga ardhi. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulifufua ngitili nyingi, na mara nyingi sheria zake zilisimamiwa na dagashida, yaani baraza la jadi, pamoja na sungusungu.

Mashimo ya wachimbaji wadogo ni jambo jingine. Mengi yako kwenye ardhi ambayo bado ni ya kijiji, kwa hiyo kufukiwa kwake, au kuzungushiwa uzio mifugo isitumbukie, kunaweza kuwekwa kwenye mpango wa kijiji.