Laptopu Imekataa Kuwaka, Faili Ziko Wapi? Historia Fupi ya Uokoaji

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, niwieni radhi. Nilikuwa nimefungwa na laptopu moja nzee iliyokataa kuwaka.

Mwalimu aliyenifundisha Historia, sasa mstaafu, alinijia nyumbani hapa Isiolo akiwa ameibeba kwenye kiondo, imefungwa kwa leso. Akaniambia, "Kijana wangu, nimempitia fundi mjini. Anasema nimwachie, kesho nitaipata kama mpya."

Kama mpya! Wewe msomaji unayejua mambo haya tayari umeshtuka. Maana yake diski ingefomatiwa na Windows kuwekwa upya, juu ya kila kilichokuwemo. Nikamuuliza, "Mwalimu, ndani mna nini?"

Mna sauti, akasema. Kwa miaka mingi amekuwa akiwarekodi wazee wa Isiolo na Garba Tula wakisimulia miaka ya vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967: jinsi mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera (ndiye mwenye Barabara ya Wabera kule Nairobi), alivyouawa Juni 1963, jinsi watu walivyokusanywa kwenye vijiji vya kulindwa, jinsi mifugo ilivyokwisha. Waborana wa Waso huita kipindi hicho Gaafa Daaba. Wengi wa wazee hao wameshazikwa. Rekodi zilikuwa 61, na nakala ilikuwa moja tu, ndani ya ile laptopu.

Nikamwomba kwanza asiiwashe tena. Halafu nikaanza kazi, na usiku nikisubiri nikawa nasoma kazi hii imetoka wapi. Hayo ndiyo nataka kuwasimulia leo.

Tuanze na jambo moja. Laptopu kukataa kuwaka si sawa na faili kupotea. Kinachowasha mashine ni mfumo wa uendeshaji, yaani Windows au Linux. Kinachobeba sauti za wazee ni diski. Mfumo unaweza kufa na diski ikabaki na kila kitu. Historia yote ya uokoaji ni historia ya watu waliokataa kuchanganya vitu hivi viwili.

Mwaka 1977 Marc McDonald wa Microsoft alibuni njia ya kupanga faili kwenye diski iitwayo FAT. Ni orodha tu, kama yaliyomo mwanzoni mwa kitabu: faili fulani inaanzia hapa, inaendelea pale. Ukifuta faili, kompyuta haichani kurasa. Inabadilisha herufi ya kwanza ya jina kwa alama maalumu, na kwenye orodha inaandika kwamba nafasi ile iko wazi. Maandishi yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mmarekani Peter Norton aliona nafasi hapo, na mwaka 1982 akatoa programu ya UnErase, iliyofufua faili zilizofutwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1991 Microsoft wenyewe wakaweka amri ya namna hiyo ndani ya MS-DOS 5.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 26 Aprili 1999. Kirusi cha CIH, ambacho wengi walikiita Chernobyl, kililipuka siku hiyo kwenye kompyuta za Windows 95 na 98 duniani kote. Kiliandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau. Kilijaza sifuri kwenye megabaiti 1 ya mwanzo ya diski, na kwenye baadhi ya mashine kikaharibu hata bayosi, ile programu ndogo inayoamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Watu waliona kioo cheusi wakadhani kila kitu kimekwenda.

Lakini FAT huwa na nakala mbili za orodha yake, na kwenye diski kubwa za wakati huo nakala ya pili mara nyingi ilikuwa mbali zaidi ya ile megabaiti ya kwanza. Kirusi hakikuifikia. Steve Gibson wa California akaandika programu ndogo, FIX-CIH, akaigawa bure. Iliitafuta nakala ya pili na kuijenga upya ile ya kwanza. Ona hapo: aliyebuni FAT aliweka nakala ya ziada, na miaka 20 na ushei baadaye watu wasiomjua wakapona kwa sababu hiyo.

Swali la pili ni hili: kama mfumo umekufa, diski utaisoma na nini? Jibu ni kuwasha mashine kwa mfumo mwingine kutoka nje. Zamani ilikuwa disketi, lakini disketi ya megabaiti 1.44 haibebi mengi. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni ya kuwasha kompyuta kwa sidii, wakaiita El Torito. Inasemekana ni jina la mkahawa ambamo wazo hilo lilizungumzwa!

Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix. Hii ilikuwa Linux nzima ndani ya sidii moja. Kwa kuibana alitosheza karibu gigabaiti 2 za programu kwenye sidii ya megabaiti 700. Unaitia, unawasha, kompyuta inafanya kazi bila kugusa diski yake. Knopper hakuitengeneza kwa ajili ya uokoaji hasa, lakini mafundi waliipenda kwa sababu hiyo. Mashine iliyokufa inafumbua macho, unanakili faili zako, unaondoka.

Hapa Afrika Mashariki shida ilikuwa kuipata. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika na kuanza kazi Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Piga hesabu: megabaiti 700 kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ni kama saa 28, na hiyo ni ikiwa laini haikatiki hata mara moja. Nani angeweza? Ndiyo maana Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliyotoka Oktoba 2004, ilikuwa na maana kubwa kwetu. Waliituma sidii kwa posta, bure, popote ulipo, na waliendelea hivyo hadi 2011. Ni mwaka huohuo wa 2004 ambapo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Wakati huo lami ya kutoka Nairobi ilikuwa ikiishia hapa Isiolo, na mimi nilikuwa mtoto nisiyejua kompyuta ni nini. Sidii yangu ya kwanza ya Ubuntu niliikuta baadaye, imejaa mikwaruzo, kwenye droo ya maabara ya shule ya upili.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Windows XP ya mwaka 2001 iliwaletea watu wa kawaida mpangilio mwingine wa diski, NTFS, na Microsoft hawakutangaza siri zake. Linux iliweza kuusoma, lakini kuandika juu yake ilikuwa kubahatisha. Mwaka 2007 Szabolcs Szakacsits na wenzake walitoa NTFS-3G iliyokamilika, na tangu hapo sidii ya Linux ikawa kifaa cha kila fundi makini.

Turudi kwa Mwalimu. Niliwasha laptopu yake kwa Linux iliyo kwenye flashi. Ikawaka. Diski ikaonekana, lakini ilikuwa ikigugumia: sehemu nyingine inasomeka, nyingine inakwama. Diski ya namna hii inakufa mikononi mwako, na kila dakika unayoizungusha unaipunguzia uhai. Kwa hiyo kanuni ni kutofungua faili hata moja. Unanakili diski nzima kwanza, halafu unafanya kazi kwenye nakala.

Amri ya zamani ya kunakili, dd, imekuwa ndani ya Unix tangu miaka ya 1970. Lakini dd ikikutana na sehemu mbovu inasimama. Mwaka 2004 Antonio Diaz Diaz wa Hispania alitoa GNU ddrescue, yenye akili zaidi. Inachukua kwanza vyote vilivyo rahisi, inaruka palipooza, halafu inarudi kupabembeleza polepole. Na kila hatua inaiandika kwenye daftari lake.

Hilo daftari ndilo lililoniokoa. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani, na usiku wa kwanza stima ilipotea mara mbili. Bila daftari ningeanza upya, na diski isingestahimili. Mimi niliwasha tu, nikaelekeza ddrescue kwenye daftari lake, ikaendelea ilipoachia. Gigabaiti 320 zilichukua siku tatu.

Kwenye nakala nilikuta rekodi 52, zikiwa na majina yake. Tisa hazikuwepo kwa sababu orodha yake ilikuwa katika sehemu isiyosomeka. Hapo nikatumia PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier, iliyotoka 2002. Hii haijali orodha kabisa. Inapitia diski tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta dalili za mwanzo wa faili, maana kila aina ya faili ina alama zake. Ni kama kutambua barua kwa salamu yake baada ya bahasha kupotea. Ilizileta zote tisa. Saba zilikuwa nzima, mbili zilikatika katikati.

Ila PhotoRec hairudishi majina. Inakupa namba tu. Nikampigia Mwalimu simu, akaja, akakaa na vipokea sauti masikioni. Faili ya kwanza, mzee akakohoa kabla ya kusema lolote, na Mwalimu akataja jina lake. Tukaendelea hivyo hadi ya tisa: yeye anataja, mimi naandika. Hakukosea hata moja. Zile mbili zilizokatika alizisikiliza tena na tena, halafu akaomba karatasi aandike kilichofuata kabla naye hajasahau.

Sasa onyo kwenu. Haya yote yaliwezekana kwa sababu laptopu ilikuwa ya zamani. Diski za SSD za leo, ukifuta faili, mfumo huiambia diski isafishe nafasi, na UnErase ya Norton haina cha kufufua. Laptopu nyingi mpya pia zimefungwa kwa usimbaji: ukichomoa diski bila ufunguo utakuta takataka tupu. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike lilizima mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Tiba ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini kwenye mashine zilizofungwa kwa BitLocker ilibidi kwanza upate ufunguo wenye tarakimu 48. Usimbaji ni mzuri, unamzuia mwizi. Ila mwenye mali asiye na ufunguo naye anabaki nje na mwizi.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, fanya mawili. Tafuta ufunguo wa laptopu yako uuandike mahali palipo nje ya laptopu hiyo. Halafu nakili kile usichoweza kukipata tena, kwenye diski nyingine, nyumba nyingine.

Sauti za wazee sasa ziko mahali patatu. Diski ya zamani nilimrudishia Mwalimu, akaifunga tena kwenye leso. Haisomeki tena.