Barua Zilizopita Voi

Mkoloni alitawala kwa bunduki, hilo tunalijua. Lakini kazi ya kila siku ilifanywa na karatasi. Afisa wa wilaya ya Taita alimwandikia mkuu wa mkoa Mombasa, Mombasa ikaandika Nairobi, Nairobi ikaandika London. Jibu likarudi njia ile ile. Kila barua ilipewa namba na tarehe, na nakala yake ikabaki kwenye faili. Swali ni hili: yule aliyeandikwa habari zake ndani ya barua, yeye aliandikia nani?

Tuanze na posta yenyewe. Mwezi Mei 1890 kampuni ya Waingereza iliyoshika Mombasa ilichukua stempu za Uingereza, ikapiga jina lake juu yake, posta ikaanza. Barua za bara zilibebwa na matarishi kwa miguu, kupitia nyika ya Taru hadi Taita, ambako kampuni ilikuwa na kituo pale Ndi. Mwisho wa 1897 reli ilifika Voi, na mfuko wa barua ukapanda gari moshi. Taveta, kule mpakani na Wajerumani, haikupata reli hadi wakati wa vita.

Hata hivyo, Taveta haikuwa gizani. Misheni ya CMS ilichapisha gazeti pale pale, Taveta Chronicle, kuanzia 1895 hadi 1901. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba maandishi yalikuwa mageni huku kwetu. Kilichokosekana ni sikio upande wa pili.

Agosti 1914 Wajerumani waliteka Taveta. Mwaka uliofuata Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau. Askari wa India waliletwa kupigana, na walikuja na posta yao: stempu za India zilizopigwa herufi I.E.F., kifupi cha jina la jeshi lao. Askari aliyekuwa Maktau aliweza kupata habari za nyumbani kwao. Mpagazi wa Kariakoo aliyembebea risasi na unga, mara nyingi hakuwa na wa kumwandikia wala wa kumsomea. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Sasa tuje Kasigau, ule mlima unaosimama peke yake kusini mwa Voi. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa wamewasaidia Wajerumani. Hawakushtakiwa mmoja mmoja, kila mtu kwa kosa lake. Watu wazima kwa watoto waling'olewa milimani kwao wakapelekwa Malindi, pwani yenye joto na malaria, na wengi wakafia huko. Mwisho wa mwaka huo huo Wajerumani waliukalia mlima wenyewe, kisha wakaondoka. Vita vikaisha 1918. Wakasigau hawakurudishwa. Waliruhusiwa kurudi kwao 1936.

Hesabu mwenyewe: miaka 21. Mtoto aliyeondoka mgongoni mwa mamaye alirudi mtu mzima, labda na watoto wake. Kwenye faili muda kama huo unaweza kuwa barua chache tu, kila moja ikisema suala linaangaliwa. Ndiyo tabia ya barua ya serikali. Inasema "imeamuliwa" bila kusema nani ameamua. Inasema "wenyeji" bila kutaja jina la mtu hata mmoja.

Wataita walijifunza mchezo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliunda chama, Taita Hills Association, kutetea ardhi yao. Serikali ikakipiga marufuku 1940, pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba. Ukitaka kujua kama malalamiko yalikuwa na uzito, tazama jinsi yalivyojibiwa: kwa marufuku.

Leo karatasi hizo ziko wapi? Nyingi ziko Nairobi, kwenye Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue. Miaka ya 1960 nakala za mikrofilamu zilipelekwa hadi Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Kwa hiyo mwanafunzi wa Marekani anaweza kusoma ripoti za wilaya ya Taita kabla kijana wa Rukanga hajapata nauli ya kwenda Nairobi. Na mwaka 2011 Uingereza ilikiri mahakamani kwamba ilikuwa imeficha mafaili mengine ya makoloni yake, Kenya ikiwemo.

Basi tusiyakimbie mafaili, wala tusiyaamini kama msahafu. Anayekwenda kuyasoma aende na daftari mbili. Moja anakili alichoandika afisa: tarehe, amri, sababu iliyotolewa. Ya pili aende nayo Bungule, Jora, Makwasinyi, Kiteghe na Rukanga, akaulize kila nyumba: nani wenu alipelekwa Malindi, nani alirudi, na nani alizikwa huko? Majina hayo ndiyo hayakuwahi kupanda gari moshi la posta pale Voi. Wanaoyajua waliyasikia kwa wazazi wao, na nao sasa ni wazee.