Rufaa katika mashindano ya shule

Rufaa katika mashindano ya shule ni ombi la timu au mwanafunzi la kutaka uamuzi uliotolewa upitiwe upya na chombo cha juu. Nchini Tanzania hukatwa katika mashindano kama UMITASHUMTA (shule za msingi) na UMISSETA (shule za sekondari). Mashindano hayo huanzia ngazi ya shule hadi taifa. Fainali za mwaka 2018 zilifanyika Mwanza.

Yanayokatiwa rufaa

Katika soka, Sheria ya 5 inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya mchezo, likiwemo goli, ni wa mwisho. Kinachoweza kupingwa ni uhalali wa mchezaji: je, ni mwanafunzi kweli au ni mamluki? Daftari la mahudhurio ni ushahidi mmojawapo.

Muda

Katika riadha, kanuni za World Athletics hutoa dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa kulalamika kwa refa. Akikataa, rufaa ya maandishi hupelekwa kwa jopo pamoja na amana ya dola 100 za Marekani, ambayo hairudishwi rufaa ikishindwa.

Mamluki akigunduliwa baada ya fainali, ushindi unaweza kufutwa, lakini mwanafunzi aliyeachwa nyumbani kwa ajili yake huwa amekwisha kupoteza nafasi ya kucheza.