Mkusanya Mifupa na Posho ya Red Cloud

Novemba 1874, baridi ikianza kukaza kaskazini magharibi mwa Nebraska, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale aliwasili katika kituo cha serikali kilichoitwa Red Cloud Agency. Alitaka kuvuka hadi Badlands, nyika ya mabonde makavu na miamba iliyomomonyoka, akachimbe mifupa ya wanyama waliotoweka zamani. Walakota, kabila la Wenyeji wa Amerika, kwa maelfu walikuwa wamepiga kambi pale wakingoja posho ya serikali, na hawakumwamini. Miezi michache tu kabla, Luteni Kanali Custer alikuwa ameingia na jeshi Black Hills, milima ambayo mkataba wa 1868 uliikiri kuwa yao, na akatoka na habari za dhahabu. Sasa mzungu mwingine anakuja na kusema anatafuta mifupa. Nani angemwamini?

Profesa huyo ni Othniel Charles Marsh. Wengi wanamjua kwa dinosaria. Mimi nimeifuata njia yake hadi kituo hiki kwa sababu naamini jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya maishani lilianzia hapa.

Alizaliwa Lockport, jimbo la New York, tarehe 29 Oktoba 1831. Mama yake alifariki kabla hajatimiza miaka mitatu. Baba alikuwa mkulima, na huenda kijana naye angebaki shambani lau si mjomba wake, George Peabody, tajiri wa benki aliyeishi London. Mjomba alimsomesha Yale, kisha Ujerumani, na mwaka 1866 akatoa dola 150,000 chuo hicho kijenge makumbusho ya elimu ya viumbe. Mwaka huohuo Marsh akateuliwa profesa wa paleontolojia, wa kwanza katika Marekani nzima.

Mwaka 1868 alipanda treni ya Union Pacific, reli ikiwa bado inajengwa kuelekea magharibi. Katika kituo cha Antelope, Nebraska, watu waliokuwa wakichimba kisima walitoa mifupa, na uvumi ukaenea kwamba ni ya binadamu wa kale. Marsh alishuka, akachakura kifusi, na akaona mifupa ya farasi mdogo ajabu, kimo chake kama mita moja tu. Alimwomba mkuu wa kituo amkusanyie iliyobaki, akaichukua aliporudi. Tangu hapo hakuwa na shaka kwamba ardhi ya magharibi imehifadhi historia ndefu ya viumbe.

Kuanzia 1870 aliongoza misafara ya wanafunzi wa Yale huko, na katika msafara wa kwanza Wenyeji wa kabila la Wapawnee ndio walioonyesha njia. Visukuku walivyoleta vilimwezesha Marsh kupanga ukoo wa farasi hatua kwa hatua, kutoka mnyama mdogo mwenye vidole vinne mguu wa mbele hadi farasi wa leo mwenye kwato moja. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley alifika New Haven mwaka 1876 akiamini farasi alitokea Ulaya. Alipokwisha kuitazama mifupa hiyo alikubali kuwa chimbuko lake ni Amerika. Kutoka kwenye miamba ya chaki ya Kansas, Marsh alipata ndege wa kale wenye meno, Hesperornis na Ichthyornis. Mwaka 1880 Charles Darwin alimwandikia kwamba kazi yake juu ya ndege hao na wanyama wengine ndiyo iliyoipa nadharia ya mageuko nguvu kubwa kuliko nyingine yoyote katika miaka ishirini iliyotangulia.

Sifa hizo zote zilitegemea ardhi ambayo wenyewe walikuwa wakinyang'anywa. Kule Red Cloud Agency, Marsh aliwaandalia wazee wa Walakota karamu ili wamruhusu apite. Mazungumzo yalipokwama, aliondoka usiku na msafara wake, akapita kimya kambi zikiwa zimelala. Alirudi na mifupa ya uzito wa kama tani mbili, na Walakota wakajionea wenyewe kwamba hakubeba dhahabu.

Hapo chifu Red Cloud akamweleza dhiki ya watu wake. Serikali iliahidi kuwalisha, lakini vilivyowafikia vilikuwa vibovu. Alimkabidhi sampuli za unga, sukari, kahawa na tumbaku, na Marsh akaahidi kuzifikisha kwa Rais mwenyewe.

Ahadi aliitimiza. Mwaka 1875 alikwenda Washington akaonana na Rais Ulysses Grant. Idara iliyosimamia masuala ya Wenyeji ilijaribu kumzima, naye akachapisha kijitabu kilichoeleza hali ya kituo kwa ushahidi, magazeti yakaipokea habari hiyo, tume ya uchunguzi ikaundwa. Kabla ya mwaka kwisha, Waziri wa Mambo ya Ndani, Columbus Delano, alikuwa ameachia ngazi. Mwaka 1883 Red Cloud alimtembelea Marsh New Haven, na wakapigwa picha wameshikana mikono.

Ushindi huo haukuirudisha ardhi. Mwaka 1877 serikali iliitwaa Black Hills. Mwaka huohuo Marsh aligeukia mifupa mikubwa ya Como Bluff, Wyoming, iliyogunduliwa na wafanyakazi wa reli, huku akishindana vikali na mwenzake Edward Drinker Cope. Alitoa majina yanayojulikana dunia nzima: Stegosaurus, Allosaurus, Diplodocus, Triceratops. Lakini wasaidizi wake walilalamika kwamba aliwanyima nafasi ya kuandika kwa majina yao. Mwaka 1890 ugomvi wake na Cope ukaanikwa gazetini, na miaka miwili baadaye Bunge likapunguza fedha za idara ya serikali ya jiolojia aliyoitumikia. Alifariki tarehe 18 Machi 1899 akiwa na dola 186 benki.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijali habari hii. Kentrosaurus, jamaa wa Stegosaurus, alifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, katika uchimbaji wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913. Walioifukua mifupa hiyo ni mamia ya watu wetu, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Mifupa ilipelekwa Berlin, na iko huko hadi leo.

Marsh alikuwa mchoyo kwa wasaidizi wake na mkali kwa wapinzani. Hata hivyo, Red Cloud alipomweleza njaa ya watu wake hakujibu kwamba yeye ni mtu wa mifupa na mambo ya serikali hayamhusu. Alijua kuwa anaheshimika Washington kuliko chifu yule, akaitumia heshima hiyo kuwasemea wenye ardhi. Anayekwenda leo kuchimba Tendaguru, au popote pengine, anadaiwa hilohilo.