Mwalimu wa mpira na sala yake: Kiungani mpaka Ruangwa

TP inanukia, na sisi wa Elimu tunajua kitakachotokea. Ukiripoti shuleni ukiwa kijana, begi hujashusha, mkuu wa shule keshakutangaza kuwa mwalimu wa michezo. Mimi nimepangiwa Nachingwea, basi nikajiuliza, hivi huu uhusiano wa ualimu, mpira na dini kule kusini ulianzia wapi?

Jibu linaanzia Unguja. Wamisionari wa UMCA walikuwa na chuo Kiungani, nje kidogo ya mji, wakisomesha vijana waliookolewa utumwani ili wawe walimu na mapadre. Miaka ya 1880 mpira ulikuwa unapigwa pale. Uingereza ya wakati ule ilishaamini kwamba uwanja unamfunza kijana nidhamu kama kanisa linavyomfunza. Kwa hiyo mwalimu wa dini na mwalimu wa mpira alikuwa mtu yule yule. Ila tusiwape wazungu sifa zote bwana. Kijana aliyeuzwa kama mbuzi, leo anaitwa kwa jina lake na kupewa namba uwanjani, hicho si kitu kidogo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitembea kutoka Lindi na kundi la waliokombolewa, wakaweka makazi Masasi, jirani kabisa na Nachingwea na Ruangwa. Baadaye walimu wa Kiungani wakawa wanatumwa huku. Mmoja ni Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa. Alifika Chitangali mwaka 1886, mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, akakaa huko mpaka 1897. Kama alikuwa na muda wa kucheza sijui, ila ni vigumu kuamini kuwa wenzake wote waliuacha mpira kule Unguja!

Sasa angalia jina. Uwanja wa Ruangwa unaitwa Majaliwa, ila huyu ni Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, Mwislamu, Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025. Majina tu yamegongana. Namungo wa Ruangwa walipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la FA, Simba wakawafunga 2-1. Mkoa wa Lindi wengi ni Waislamu, kwa hiyo mchezo uliopita mikononi mwa misheni leo ni wa wote.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mimi ni Mkristo, naomba kabla ya mechi, sitaacha. Lakini nikiwapanga vijana kumi na moja duara, wanane wakiwa Waislamu, nikaanza kwa Baba na Mwana, nimewafundisha nini hao wanane? Walimu wa Kiungani hawakuwa na swali hili, wanafunzi wao wote walikuwa wa kanisa. Nimeongea na rafiki yangu wa mwaka wa tatu aliyetoka TP huko huko. Yeye alisema anawapa dakika moja ya kimya, kila mtu na wake, halafu filimbi. Nitaanza na hiyo.